Mayai Hayakugutuka

Nimempiga mke wangu mara tatu. Nalitanguliza hilo ili asiyetaka kunisikiliza aondoke mapema, asije akasema nilimchezea shere. Mara ya kwanza ilikuwa kofi, kwa sababu ya chumvi. Ndiyo, chumvi, wala usicheke. Mara ya pili ilikuwa ngumi, na hiyo ilimng'oa jino. Ya tatu nitaifikia, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Garissa. Nyumba yangu iko Galbet, vyumba vitatu na ua, na mama yangu aliishi nasi. Mke wangu ni mtu wa Griftu, kule Wajir, binti wa mfugaji wa ngamia anayejulikana sokoni kwa ukimya wake. Alinizidi akili. Nilijua hivyo tangu siku ya posa, na badala ya kushukuru ikawa kazi yangu ni kumtafutia makosa. Nyumbani tulisema Kisomali, lakini haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kwa kiboko, na nikiishika huwa nafikiri mara mbili. Kwa Kisomali hasira yangu hunitangulia.

Tulikaa miaka minne bila mtoto. Kwetu mwaka wa kwanza watu wanakuombea dua, wa pili wanaangalia tumbo la mkeo, wa tatu wanauliza, na wa nne hawaulizi tena, wanasema. Msemaji mkuu alikuwa mama yangu. Yeye alikulia nyuma ya ngamia, na kwa wafugaji hakuna haja ya daktari: ngamia jike akishika mimba, ukimsogezea dume hunyanyua mkia juu na kuukunja, na hapo unajua kazi imekwisha. Asiponyanyua, bado. Basi mama atakaa mkekani na wanawake wenzake, mke wangu akipita na ndoo ya maji, utamsikia: "Huyu mwaka wa nne huu. Mkia uko chini." Wale wanawake wanacheka mpaka chai inawapalia. Mimi niko ndani, nasikia kila neno, nasahihisha madaftari.

Mama alisahau, na mimi nikasahau pamoja naye, kwamba majike wasiponyanyua mikia, kitu cha kwanza ambacho mfugaji mwenye akili hubadilisha ni dume.

Mwaka huo wa nne nikaenda kupimwa. Nilipewa kikopo, nikaonyeshwa mlango, na mengine sitayasema. Baada ya saa mbili kijana wa maabara akatoka na karatasi akanipa mkono. "Mwalimu, hongera. Ni nyingi, zina umbo zuri, na zinaogelea vizuri sana. Hawa ni askari!" Wallahi, nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara, magari yakinipigia honi. Nikaingia saiba, duka la kompyuta na uchapaji, nikaagiza ile karatasi itiwe plastiki. Nikaitundika ukutani jikoni, juu ya jiko la gesi, mahali ambapo mtu mmoja tu nyumbani mwetu angeiona kutwa nzima.

Mama hajui kusoma, lakini alikuwa akiichomoa na kuzunguka nayo kwa majirani. Hilo halikunitosha. Shule zilipofungwa nilipanda basi hadi Griftu, na siku ya soko la mifugo nikamfuata baba mkwe kati ya ngamia. Wanaume walikuwa wengi, wengine wananijua, wengine hawanijui. Nikatoa ile karatasi, nikaisoma kwa sauti, nikaitafsiri kwa Kisomali mstari kwa mstari, idadi, umbo, kuogelea. Nilitaka wajue tatizo haliko kwangu. Mzee mmoja akasema, "Basi mbegu ni nzuri, shamba ndilo mawe," na soko zima likaangua kicheko. Baba mkwe alimgeuza ngamia aliyekuwa amekuja kumuuza, akamshika kamba, akaondoka naye.

Siku hizi habari haisubiri basi. Nilipofika Galbet mke wangu alikuwa jikoni anakata nyama, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Umenivua nguo mbele ya baba yangu," akasema.

"Mimi? Karatasi ndiyo iliyosema."

Akaishusha ukutani, akailaza juu ya ubao wa nyama, akaikata kwa kisu kutoka juu hadi chini. Plastiki ilikuwa ngumu, kwa hiyo alikata polepole, akiniangalia. Alipomaliza akanisukumia vipande viwili. "Haya, msomi. Isome tena."

Nikampiga ngumi. Sikufikiri, ingawa hilo si udhuru, maana mkono unaopiga bila kufikiri umezoeshwa. Aligonga kichwa kwenye rafu, akaanguka pamoja na sufuria, na alipoinuka alitema mkononi, na katikati ya damu mlikuwa na jino. Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Hooyo, basi, inatosha," akasema. Hilo neno maana yake ni mama, na kwetu mama humwita mwanawe hivyohivyo, kwa kumbembeleza. Mimi ndiye niliyekuwa nikibembelezwa! Aliyetoka damu hakuna aliyemwambia pole. Asubuhi alijifunga uso kwa mtandio, akapanda basi la Wajir.

Ndugu zake watatu walikuja siku ya Ijumaa. Walisali nasi msikitini, safu ya nyuma yangu, wakanisalimu kwa heshima tulipotoka, wakanifuata hadi mlangoni kwangu, na pale wakaanza. Walikuja na fimbo zile za wafugaji zenye pembe mwishoni, za kuvutia miiba ya boma. Pigo la kwanza lilitua kwenye mtulinga, na mfupa nikausikia ukivunjika kabla ya kuuona uchungu. Nilipoanguka walinihamia mbavuni. Yule mdogo niliwahi kumfundisha kidato cha tatu, na haki ya Mungu adabu haikumtoka: kila teke alilonipiga alisema, "Samahani, mwalimu." Teke. "Samahani, mwalimu." Nilikunja magoti na kula vumbi. Mama alipiga mayowe kuita majirani, na majirani walitoka, wakaona ni mambo ya ukwe, wakasimama.

Polisi wawili waliokuwa wakipita walikuja. Shemeji mkubwa aliificha fimbo nyuma ya mgongo, akatabasamu. "Bole, afande," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisicho na p wala v. "Hakuna fita hapa. Hii ni shemeji."

"Shemeji ndiyo amefura hivi?"

Nikiwa pale chini nikasema, "Ni kweli, afande. Nilianguka." Kwetu aibu ya damu haipelekwi kituoni, hata kama damu yenyewe ni yako. Polisi walicheka, wakaenda zao.

Wazee wakakaa. Kwa desturi yetu kuna kitu kinaitwa haal, mnyama anayetolewa ili kuosha tusi na kumpoza aliyekosewa. Waliuweka mtulinga wangu upande mmoja, jino na tusi upande wa pili, wakaamua nitoe ngamia jike mchanga. Nikampeleka Griftu kwa lori, mkono wangu mmoja umefungwa shingoni. Baba mkwe akampokea, akamfunga kambani, tukasoma Fatiha, tukanywa maziwa. Kila mwanamume aliyekuwepo akasema yamekwisha. Mimi nikaamini. Lo, jinsi nilivyoamini! Nilirudi Garissa na mke wangu kwenye kiti cha pembeni, moyo mweupe, nimelipa, nimesafishwa. Katika kikao kizima hakuna aliyemuuliza yeye lolote, na kuhusu ile karatasi hakuna aliyegusia, kwa kuwa hata wazee waliamini imesema kweli. Ngamia alizaa huko kwa baba mkwe. Jino halikuota.

Ni yeye aliyesema twende Nairobi. Shangazi yake aliyeko Islii alimwambia kuna kliniki ya uzazi ambako wanatoa yai nje, wanalitungisha kwenye maabara, kisha wanalirudisha. "Twende," akaniambia. "Nimechoka kusemwa. Nataka nijue." Hakusema anataka mtoto. Alisema anataka kujua, na mimi sikuitilia maanani tofauti hiyo.

Kabla ya kutolewa mayai mwanamke hudungwa sindano tumboni kila siku, siku kumi au zaidi, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Nesi akanifundisha nimdunge mwenyewe. Basi kila jioni baada ya magharibi, kwa shangazi yake, alikuwa akipandisha dira, lile gauni pana, hadi kitovuni na kugeukia ukuta, nami nafinya nyama ya tumbo na kuchoma. Mkono ulikuwa uleule. Nilipoukaribisha alifumba macho mapema, kabla ya ncha kumgusa, na mabega yakampanda. Hakuwa anaogopa sindano. Tumbo lilijaa alama za kijani na zambarau, likavimba, akawa hawezi kuinama kusujudu, anasali ameketi.

Mayai yalitoka tisa. Mbegu zangu, wale askari wangu, hazikuulizwa kama zinajua kuogelea. Kila moja ilikamatwa na kunyonywa ndani ya sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, yai likatobolewa, mbegu ikaachwa ndani. Tisa kwa tisa. Kesho yake nikaitwa kusikia majibu. Nilikwenda peke yangu, maana mke wangu alikuwa kitandani kwa shangazi, tumbo linamkata.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mpole wa sura. "Pole, mwalimu. Hakuna hata moja lililotungika."

Nikapiga meza kwa ngumi, kikombe cha kalamu kikaruka. "Si nilisema! Si nilisema mimi! Mayai yake mabovu!"

"Kaa chini," akasema. "Ukiivunja hiyo meza utaibeba mgongoni mpaka Garissa." Akachukua karatasi, akachora duara, akaanza kunifundisha somo langu mwenyewe.

Yai la mnyama anayenyonyesha, akasema, halikai tu likingoja. Limefungwa. Limefika katikati ya mgawanyiko wake wa mwisho, likazuiwa hapohapo, na lisipofunguliwa litazeeka na kufa ndani ya siku moja hivi. Ndani lina kalsiamu, ileile ya mifupa na maziwa, lakini imefungiwa kwenye vifuko vyembamba. Mbegu ikiingia huwa imebeba protini fulani. Huimwaga, na pale ghasia huanza: milango ya vifuko inafunguka, kalsiamu inafurika kuanzia pale mbegu ilipoingilia hadi upande wa pili. Inarudishwa vifukoni kwa nguvu. Inatulia kidogo. Inafurika tena. Inarudishwa. Inafurika. Saa nyingi inakwenda hivyo, pigo baada ya pigo. Kwa mapigo hayo ganda la yai linakakamaa, na mbegu nyingine zote zilizokuwa zikisukumana nje zinafungiwa huko zife. Yai linakata kifungo chake, linamaliza mgawanyiko, linatupa nje nusu ya urithi lisiyoihitaji. Ndipo urithi wa baba na wa mama unapokutana. Sisi sote, akasema, tulianza kwa kugutushwa namna hiyo. Yai lisipogutuka hakuna mtu.

"Sasa hapa mbegu zimo ndani," akasema akigonga duara kwa kalamu. "Nimezitia kwa mkono wangu. Na hakuna kilichogutuka."

"Basi ni mayai."

"Huenda ni mayai. Huenda ni mbegu. Tutapima."

Nilikuwa nimefundisha uzazi kwa kidato cha tatu miaka na miaka. Nilichora mbegu na mkia, nikachora yai, nikaandika ubaoni: mbegu huungana na yai. Mstari mmoja, chaki, twende mbele. Mwanafunzi aliyeuliza yai linajuaje kwamba mbegu imefika ningemwambia asome kitabu, na kama ameuliza mara mbili ningemtoa nje.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kunidhalilisha. Waliniambia niache mbegu nyingine, wakazitia kwenye mayai ya panya. Protini hiyo haichagui sana, ya mtu inaweza kuligutusha yai la panya. Baada ya wiki kadhaa, tukiwa tumesharudi Garissa na mke wangu anajua tu kwamba bado wanapima, nikaitwa. Nikamwambia mke wangu naenda kwenye semina ya walimu. Yule mtaalamu akanionyesha: kwa mbegu za mwanamume mwingine, asiye na tatizo, yaliyogutuka ni karibu yote. Zangu, hakuna. Hata panya, jamani! Hata panya hakunitambua.

"Mayai ya mkeo sioni kasoro," akasema. "Mbegu zako zinaogelea, zinafika, lakini hazina ile protini, au zinayo kidogo mno. Usijilaumu, umezaliwa hivyo. Na dawa ipo. Tukishatia mbegu, tunaliosha yai kwa dawa inayoiruhusu kalsiamu ifurike bila kuingoja mbegu. Dakika chache tu. Nenda ukamweleze mkeo, mrudi."

"Nitamweleza."

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani alikuwa ameshawaona wengi wa aina yangu. "Mwalimu," akasema, "mficha uchi hazai."

Nikacheka. Nikaikunja karatasi ile, nikaiingiza katikati ya mitihani ya kidato cha pili, na hiyo sikuitia plastiki.

Njia nzima, basi likikaguliwa hapa na pale, nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza kama kliniki wamenipigia simu. Nikamwambia wamepiga. Wamesema mayai hayakugutuka. Hivyo tu. Ukilipima sentensi hiyo neno kwa neno utakuta ni kweli tupu, na mimi sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Akainamisha kichwa. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. Na mimi, mwanamume mzima, mwenye ndevu, mwenye shahada, nikanyamaza.

Nilikuwa na aibu. Aibu hiyo ilikuwa kali kuliko zile fimbo, na niliona heri afe nayo yeye kuliko niishi nayo mimi.

Siku chache baadaye nilitoka shule mapema. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa nusu, na ndani nikasikia kitu kinadunda, nikadhani anatwanga. Nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, amekunja ngumi zote mbili, anajipiga tumboni, chini ya kitovu, pale nilipokuwa nikimchoma sindano. Alipiga kwa nguvu zake zote, akitweta. "Amkeni!" alikuwa akisema. "Amkeni! Amkeni, wallahi amkeni!" Kila neno na pigo lake. Mate yalimtoka, machozi yalimtoka. Mama yangu alikuwa nje mkekani, anasikia kama ninavyosikia, na siku hiyo hata yeye ulimi ulimkatika.

Neno moja lingemtuliza. Nilikuwa nalo, limekunjwa ndani ya mkoba wangu, kati ya mitihani. Nikarudi nyuma kwa vidole vya miguu, nikatoka uani, nikaenda msikitini, nikasali alasiri. Usiniulize nilimwambia nini Mungu.

Kilichonisukuma kurudi kliniki si huruma. Nilitaka mtoto, na nilijua dawa ipo. Nikamwambia, "Kuna dawa ya kuamsha mayai yako." Nilisema yako. Hakusita. Alivumilia sindano upya, tumbo lilivimba upya, akafumba macho upya kila nilipoukaribisha mkono. Karatasi za idhini nilimwonyesha mahali pa kutia sahihi, naye akatia bila kusoma, kwa sababu mume wake ni mwalimu wa biolojia.

Kesho yake baada ya mayai kutolewa tuliitwa. Safari hii alisema atakuja, hata kama ni kwa kutambaa. Yule mama mfupi alitupokea amesimama, mikono hewani. "Manne!" akasema. "Yamegutuka manne! Nimeyaona mwenyewe asubuhi hii!"

Mke wangu akapiga vigelegele humohumo ofisini, akalia, akacheka, na lile pengo likaonekana, maana kwa kawaida alikuwa akilifunika kwa kiganja. Mimi nikaanguka kusujudu kwenye zulia la watu. Nilipoinuka nilimkuta amemshika mtaalamu mikono yote miwili. "Dada, kwa hiyo mayai yangu yamepona?"

"Yamepona? Yalikuwa mazima tangu mwanzo." Yule mama akanigeukia, na tabasamu likaanza kumtoka. "Mwalimu, hukumweleza?"

Basi akamweleza yeye, pole pole, kwa duara lilelile na kalamu ileile, na mimi nikakaa pale nikiangalia viatu vyangu. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu, majibu yale yalitoka lini. Akatajiwa mwezi. Akashukuru, akasimama, akatoka.

Nikamfuata kwenye ukumbi. Kulikuwa na wake na waume zao wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na shida yake.

"Ulikuwa unajua," akasema bila kugeuka. "Siku ile jikoni niliona kivuli chako mlangoni. Nikasema moyoni, maskini, ameumia kwa ajili yangu, ameshindwa hata kuingia. Nikakuonea huruma. Mimi! Nikakuonea huruma wewe!"

"Nilikuwa na aibu. Nielewe."

"Aibu?" Akageuka. "Mimi ulinisoma sokoni. Kati ya ngamia. Mbele ya baba yangu." Kisha akaacha Kisomali, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuwafikia wote waliokaa pale: "Mbegu zake ni tupu! Sikieni nyote! Askari wake hawana bunduki!"

Mwanamume mmoja akacheka. Kicheko hicho tu, na mkono ukaenda.

Kofi lilimpata sikioni. Alianguka juu ya viti, viti vikaanguka naye, wanawake wakapiga kelele. Sikuona mlinzi ametokea wapi, nilijikuta kifudifudi, goti lake liko shingoni mwangu na mkono wangu umekunjwa nyuma hadi ule mtulinga uliowahi kuvunjika ukalia tena. Shavu langu likiwa sakafuni nilimwona yeye, naye yuko sakafuni, hatua tatu kutoka kwangu. Damu ilikuwa ikimtiririka kutoka sikioni. Mikono yake yote miwili ilikuwa tumboni. Hamkuwa na kitu humo, mayai yake yalikuwa nyuma ya ukuta, kwenye kabati la joto, lakini ndipo alipokimbilia kukinga, akaacha uso wazi.

Nilikwenda Griftu baada ya mwezi. Sikuitwa. Nilimkuta baba mkwe kwenye boma, wanawe watatu pembeni, fimbo mikononi. Nikasimama mbele yao nikasema yote: kwamba kasoro ni yangu, kwamba ile karatasi ya sokoni haikupima kilichopungua, kwamba nilijua nikaficha, kwamba nimempiga tena. Nilitaka wanipige. Wallahi niliomba moyoni wanipige, tumalize kwa mifupa, kisha wazee wakae, kisha nitoe ngamia. Hakuna aliyenyanyua fimbo. Yule mdogo aliangalia pembeni. Baba mkwe akaniita kwa neno la mzee kwa kijana wake: "Adeer, umesema. Sasa mwache." Nikatoa talaka palepale, na wao wakawa mashahidi.

Kati ya yale manne matatu yalifika siku ya tano, yakagandishwa kwenye mtungi wa baridi kali. Sheikh niliyemuuliza alisema wazi: ndoa ikishavunjika na eda ikaisha, hayawezi kuwekwa tumboni mwake, wala tumboni mwa mwingine. Kliniki nayo ilitaka sahihi mbili ili iyaondoe. Ya kwake ilikuwa tayari, alisema hivyo kupitia shangazi. Yangu nikaizuia. Kliniki walipiga simu, sikupokea. Shangazi alipiga, nikamtukana. Ramadhani ikapita, Idi ikapita, eda ikaisha, nami nimeshikilia tu. Nilijiambia atachoka, atarudi, tutafunga nikaha upya, na wale watatu wanatungoja. Mama alikuwa ameanza kunitafutia mke mwingine. Nikamwambia akilitaja hilo tena nitamrudisha kijijini, na alinyamaza, kwa sababu niliposema hivyo nilikuwa nimeshika kiti na nimekiinua.

Nikaona kile kiti kiko juu ya kichwa cha mama yangu. Nikakishusha. Kesho yake nikaipigia kliniki simu kwamba nakuja, nikapanda basi la Nairobi.

Aliyekuwa mke wangu alikuwepo kliniki, amekaa na kaka yake mkubwa, amefunga mtandio ukafunika sikio ambalo shangazi aliniambia halisikii vizuri tena. Yule mtaalamu hakunisalimu. Karatasi ilikuwa mezani, sahihi yake imeshawekwa, herufi zimenyooka. Nikaishika kalamu, nikaiweka chini. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Nitaapa kwa msahafu. Nitahama Galbet, nitamrudisha mama kwa dada yangu. Sitainua mkono tena mpaka kufa. Nikasema, "Usiyaangalie haya ya kwangu. Waangalie hao watatu. Wako hai. Ni watoto wetu."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Walikuwa na siku moja," akasema, "ulipompiga mama yao."

Nikatia sahihi.